Sipendi kupika, na nyumbani kwangu tunakula vizuri

Sipendi kupika. Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo jiko liliwashwa alfajiri na kuzimwa usiku, nikafundishwa kukuna nazi, kuchuja tui, kusukuma chapati na kupalia wali ukaiva juu na chini. Vyote navijua. Ila ile raha anayoipata mama yangu akisimama mbele ya sufuria mimi sijawahi kuiona, na kwa umri nilionao sitegemei itakuja. Nalisema bila aibu kwa sababu najua tupo wengi, wanawake kwa wanaume, na wengi wetu tunalilipia jambo hili fedha nyingi kimyakimya.

Fedha ndiyo iliyonifanya nilitazame kwa makini. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu hapa Dar es Salaam, naishi Tabata na mdogo wangu wa kiume aliyeko chuo na binti yangu wa darasa la nne. Mshahara ni mmoja. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie jirani na kazini ni 2,000, ukiongeza kipande cha samaki unafika 3,500. Watu watatu, milo miwili kwa siku, hata tukila kile cha 2,000 tu, mwezi unameza zaidi ya laki tatu na nusu, na chai ya asubuhi bado. Mama ntilie namheshimu sana, yeye ndiye anayelilisha jiji hili. Lakini kwa mshahara wangu fedha hizo ni kodi ya nyumba na ada.

Sasa chukua kilo moja ya maharage ya njano, ambayo mimi naipata kwa 3,000 hadi 3,500 kutegemea msimu. Kilo kavu ikiiva inakuwa kilo mbili na zaidi, kwa sababu maharage yanakunywa maji, na ukipakua kwa upawa unapata sahani kumi na ushee. Kilo ya mchele inawatosha watu wazima saba au wanane. Jumlisha nazi, kitunguu, mafuta na moto, sahani ya nyumbani haifiki 1,200. Hesabu hii kila mtu anaijua, na bado jioni tunajipanga kwenye banda la chipsi. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye hesabu.

Nilipojichunguza niliona kwamba kupika kote hakunichoshi sawasawa. Kuosha vyombo sijali. Kwenda sokoni napenda. Kinachonikaba ni lile swali la saa kumi na mbili jioni, nimetoka zamu, miguu imevimba, na watu wawili wananitazama: leo tunakula nini? Hapo sina nguvu ya kufikiri, na asiye na nguvu ya kufikiri hununua. Kinachofuata ni kukatakata: kitunguu, nyanya, karoti, hoho, kila siku vilevile, machozi yaleyale. Na cha tatu ni kusimama kukilinda chakula kisiungue. Nikaamua kwamba hivyo vitatu ndivyo nitakavyovipunguza, na mapenzi ya kupika nisiyatafute tena. Naona watu wanaoshauriwa "jifunze kupenda" wanapewa mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Mtu anaweza kuilisha familia yake vizuri miaka yote bila kuipenda kazi yenyewe, kama anavyoweza kufua bila kupenda kufua.

Nianze na maharage, maana ndiyo nguzo ya nyumba yangu. Siku moja ya mapumziko nachambua kilo mbili. Hiyo kazi namwachia binti yangu kwenye ungo, na anaipenda, anahesabu mawe aliyoyapata. Naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale na kuweka mapya, kisha naingiza kwenye presha kuka ya umeme. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu saa hivi baada ya presha kupanda. Sijazi zaidi ya nusu ya chungu, kwa sababu maharage yanatoa povu na povu linaweza kuziba tundu la mvuke, kwa hiyo kilo mbili napika kwa mikupuo miwili. Katikati ya mikupuo nafua, nalala, namsikiliza mtoto akisoma. Hakuna kusimama jikoni, hakuna kuongeza maji, hakuna harufu ya kuungua. Siweki chumvi wala nazi wala kitunguu. Yakipoa nagawa kwenye vikopo na vifuko, kila kimoja kinatosha mlo mmoja wa watu watatu, kimoja kinabaki chini kwenye friji na vilivyosalia vinapanda kwenye friza.

Kuyaacha bila kuyaunga ndiyo siri ya kutochoka nayo. Kifuko kimoja kikitoka kinaungwa kwa nazi na kuliwa na wali. Kingine kinakaangwa kwa kitunguu kingi na bizari, rojo likauke, kiliwe na chapati. Cha tatu kinachanganywa na mahindi yaliyokobolewa, ambayo nayo nayapika kwenye presha kuka, tukala makande ya karanga. Binti yangu akiulizwa atasema wiki hii amekula vyakula vitatu tofauti, na mimi maharage niliyapika mara moja.

Kuhusu umeme nataka niseme wazi, kwa sababu nasikia watu wengi wakiuogopa. Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, ule unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe na nishati hiyo ifikapo 2034, kazini kwetu ubishi ulikuwa mkubwa: umeme ni ghali, nani ataweza? Mimi naangalia LUKU yangu, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Presha kuka ya lita sita inavuta umeme mwingi wakati inapanda moto, lakini ikishafika presha inazima na kuwaka yenyewe kidogokidogo, na kwa sababu imefungwa vizuri joto halipotei. Mkupuo mmoja wa maharage haumalizi uniti moja. Kwa sisi tulio kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na makato. Mkaa wa kuchemsha maharage hayohayo kwa saa mbili unanigharimu mara kadhaa ya hapo, na bado nitakuwa nimekaa kwenye moshi. Kilicho ghali ni chombo chenyewe. Mimi nilikipata kupitia mchezo wetu wa kuchangiana fedha kazini, zamu yangu ya kupokea ilipofika, na sioni kama fedha ile ingeweza kufanya kazi bora zaidi.

Cha pili baada ya maharage ni rojo. Nyanya zina msimu, na asiyependa kupika anapaswa kuujua msimu kuliko mpishi. Masika yakikolea, Machi hadi Mei, nyanya zinaoza shambani na barabara zinaharibika, bei inapanda hadi fungu la nyanya nne linakutazama usoni. Mvua zikikata na mizigo ya Iringa ikaanza kumiminika, sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, inashuka hadi unajiuliza mkulima anapata nini. Hapo nanunua sado mbili au tatu, za kuiva kabisa, hata zilizobonyea kidogo mradi hazijaoza. Vitunguu nanunua vingi kwa mara moja vile vile, vile vyekundu vilivyokauka vizuri shingoni, maana hivyo vinakaa.

Siku ya rojo tunakata sote watatu. Mdogo wangu anamenya vitunguu, mimi nakata, mtoto anaosha. Vitunguu vinakaangwa taratibu hadi viwe laini, saumu na tangawizi ya kusaga inafuata, kisha nyanya, karoti iliyoparwa na chumvi kidogo, moto mdogo hadi maji yakauke na mafuta yapande juu. Linapoa, nalitia kwenye vile vifuko virefu vya kutengenezea barafu, nakandamiza kiwe bapa ili kiyeyuke upesi, na kupanga kwenye friza. Jioni ya kawaida naweka kifuko kimoja kwenye sufuria na tayari nusu ya mapishi ya Kiswahili imekwisha. Ukitia maharage ni mboga, ukitia mayai ya kuchemsha ni mchuzi wa mayai, ukitia vibua vya kukaanga ni mchuzi wa samaki, ukitia njegere na viazi ni kitoweo cha kumkaribisha mgeni. Tui likiingia mwishoni, hata mama yangu anakula bila kuuliza kitu.

Kuhusu nazi, sijaikuna nyumbani kwa mbuzi kwa miaka sasa. Sokoni wana mashine, unanunua nazi, unalipa kidogo, unaondoka na nazi yako iliyokunwa kwenye mfuko. Nakunisha kadhaa kwa pamoja na kuzigandisha. Ukitaka tui unamwagia maji ya vuguvugu na kukamua.

Hapa niseme jambo ambalo watu wa kubana matumizi hawapendi kulisikia: si kila chakula cha nyumbani ni nafuu. Chapati za kula watu watatu zinataka unga, mafuta, gesi na saa nzima ya mikono yangu. Jirani yetu anazipika asubuhi na jioni, za moto, anauza kwa bei ambayo mimi siwezi kuifikia nikijihesabia haki. Kwa hiyo chapati nanunua kwake, maharage yanatoka kwangu. Samaki wa kukaanga ni hivyohivyo. Mafuta ya kuzamisha kibua kimoja ni mengi, na yakishanusa samaki hayafai kwa kitu kingine. Kina mama wanaokaanga mtaani wanatumia mafuta yaleyale kwa samaki wengi, na bei yao inajua hilo. Mimi nanunua samaki aliyekwisha kukaangwa, nachagua kwa yule ambaye mafuta yake hayajawa meusi, na nyumbani namwekea mchuzi. Vitumbua na maandazi pia sipiki. Kisamvu nanunua kilichotwangwa, ingawa kukichemsha sikwepi: kinachemshwa hasa, sufuria wazi, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Unalipia mikono ya mtu mwingine pale tu ambapo mikono yake ni rahisi kuliko yako. Penye tofauti kubwa ni kwenye vyakula vya kuchemka muda mrefu, nafaka na jamii ya kunde, na huko ndiko ninakoweka nguvu zangu chache.

Mboga za majani ni jambo fupi. Mchicha na matembele nanunua jioni nikirudi, kwa sababu muuzaji hataki vilale, na vinapikwa kwa muda wa kuivisha ugali. Ugali wenyewe mdogo wangu ndiye mpishi. Tulikubaliana mapema: anayekula na ana mikono miwili, anasonga. Amejifunza na anasonga vizuri kuliko mimi, na sisikii tena maneno ya kwamba mwanaume jikoni anatafuta nini.

Halafu kuna siku ambazo hakuna kilichoyeyushwa, zamu imechelewa, na watu wana njaa. Kwa siku hizo nina dagaa. Dagaa wa Mwanza ni rahisi, wa Kigoma ni watamu zaidi na bei yao inalijua hilo. Vyovyote, dagaa wakavu wakitunzwa kwenye kopo lililofungwa wanakaa. Nawachambua na kuwakaanga kidogo bila mafuta siku ninayowanunua, ili siku ya shida kazi isiwepo. Maji ya moto kuondoa mchanga, kitunguu, ndimu, pilipili, dakika kumi. Mtu anayewadharau dagaa ajue kwamba anaowala ni samaki wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo inayompa mtoto wangu madini ya chokaa ambayo maziwa ya kila siku yangenigharimu kuliko ninavyoweza.

Shangazi yangu alipotutembelea alifungua friji, akaona vikopo na vifuko vyangu, akashtuka. "Mwanangu, unawalisha watoto viporo?" Nilimwelewa. Kwa watu wa rika lake chakula cha heshima ni kile kinachotoka motoni siku hiyohiyo, na kiporo kina nafasi yake asubuhi, na chai. Nilimweleza kwa heshima, tena kama muuguzi, maana hili nalijua kutoka kazini. Chakula kilichopoozwa haraka na kuingizwa kwenye baridi kiko salama kuliko wali uliofunikwa juu ya meza tangu saa tisa mchana hadi usiku katika joto hili la Dar. Wali una vimelea aina ya Bacillus cereus ambao mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Ukiuacha kwenye joto wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukiupasha tena haiondoki. Ndiyo maana mtu anakula wali wa jana aliouchemsha vizuri kabisa na bado anatapika. Kwangu wali uliobaki unatandazwa kwenye sinia upoe upesi, unaingia kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, unaliwa kesho yake, na ukipashwa unapashwa mara moja tu. Maharage kwenye friji hayazidi siku tatu. Ya muda mrefu yanakaa friza. Shangazi alisikiliza. Jioni alikula maharage ya nazi yaliyotoka kwenye kifuko, akaomba aongezewe.

Kilichobaki ni lile swali la jioni, na hilo nililimaliza kwa karatasi. Kwenye mlango wa friji kuna orodha ya wiki, mlo kwa siku, inaandikwa Jumapili kwa kuangalia kwanza kilichopo ndani na zamu zangu zilivyo. Siku za zamu ya mchana ni za kuyeyusha. Siku ya mapumziko ni ya kuchemsha. Ijumaa tunanunua chipsi, na tunazila kwa raha zote, kwa sababu zimo kwenye orodha na kwenye bajeti. Binti yangu anasoma orodha akitoka shule na kukitoa kifuko kiyeyuke kwenye friji. Nikifika nyumbani hakuna anayeniuliza kitu. Sijui kama naweza kumweleza asiyechoka jikoni jinsi jambo hilo dogo lilivyonipa nafuu kubwa.

Kwa asiye na friji wala presha kuka, na najua ni wengi, nimewahi kuishi hivyo nilipopanga chumba kimoja Buguruni. Maharage yaloweke usiku. Asubuhi yachemshe kwa moto mkali dakika kumi na tano hadi ishirini yakitokota kwelikweli. Usiache hatua hiyo, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu yake inayokufa kwa mtokoto tu, na joto dogo la muda mrefu haliitoshi. Kisha epua sufuria na mfuniko wake, iweke kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu, ifunike kwa blanketi pande zote, nenda kazini. Ukirudi yatakuwa yamelainika. Yarudishe motoni yatokote tena, unga, kula. Mkaa unaotumika ni kidogo sana. Pika ya siku moja tu, na usiyaunge kwa nazi hadi wakati wa kula, maana nazi ndiyo inayoyawahisha kuchacha. Choroko na dengu za kuparazwa hazitaki hata kulowekwa, zinaiva ndani ya nusu saa au zaidi kidogo, kwa hiyo weka kilo moja ya kila aina kwenye kopo. Na kama mtaani kwenu kuna mama anayeuza maharage yaliyokwisha kuchemshwa, yale ya kupimwa kwa kikombe, nunua kwake bila kujilaumu. Wewe lete kitunguu na nyanya.